Goti Lisilofika Sakafuni

Kabla ya ngumi ya kwanza kuna kupiga magoti. Hilo hakuna aliyeniambia siku nilipojiunga na mazoezi ya karate, na kama ningeambiwa, nisingejiunga.

Goti la kushoto hutangulia. Hushuka lenyewe, bila kusaidiwa na mkono, mgongo ukiwa wima. La kulia hufuata, vidole vya miguu hulazwa, makalio hutua juu ya visigino. Viganja hukaa mapajani. Halafu kiganja cha kushoto huenda sakafuni, kisha cha kulia, na paji la uso hushuka. Unatulia hapo. Ukiinuka unafuata njia uliyoshukia, na huinuki kabla ya yule mnayesalimiana. Ni mambo mepesi, mtoto wa darasa la pili anayafanya. Mimi, mwanamume mwenye ndevu, nilikaa zaidi ya mwaka bila kuyafanya, huku wenzangu wakidhani nayafanya.

Huku kwetu mwanamke ndiye apigaye magoti. Mama alipiga magoti kumsalimu baba, kumletea maji ya kunawa, kumpokea mgeni aliyebeba habari ya msiba. Dada zangu walipiga magoti njiani, hata kwenye tope, wakikutana na mtu mzima. Sisi wavulana tuliinama kidogo, tukapita. Siku hizi wasichana wa sekondari hukunja tu goti wakiwa wamesimama, kama mtu aliyetaka kukaa akaghairi, na wazee hulipokea hilo shingo upande. Lakini mwanamume kushusha magoti yote mawili mbele ya mwanamke, mchana kweupe, milango ikiwa wazi, hilo lina jina lake kwa Kinyambo na sitaliandika hapa.

Na mwalimu wetu alikuwa mwanamke.

Kwa kazi alikuwa afisa ugani, au bibi shamba kama tunavyosema. Kwao ni Muleba. Aliletwa Kamuli kutufundisha kung'oa migomba iliyoshikwa na mnyauko na kupogoa mibuni iliyozeeka. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kadhaa, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na mkanda mweusi alioupata alipokuwa chuoni Mwanza. Chama cha msingi kilimpa ruhusa ya kutumia ghala la kahawa msimu ukiisha, magunia yakishaondoka na lile jengo refu likabaki na upepo tu na harufu.

Mimi nilikuwa mpagazi wa ghala hilo. Jioni ya kwanza nilikuwa nafagia makapi lori la mwisho lilipokuwa limekwisha kwenda, yeye akaingia na vijana wachache, wakavua viatu mlangoni.

"Shikamoo, kaka," alisema, maana ndevu zangu zilimdanganya kuhusu umri. "Tukisimama upande huu tutakuharibia kazi?"

"Marahaba. Simameni tu."

Nikasimama na ufagio. Alirusha ngumi moja hewani, polepole kama mtu anayesukuma mlango, na mwishoni kabisa mkono ukageuka na mkono wa nguo ukalia, pa, kama shuka bichi linalokung'utwa. Nikataka kujua sauti ile inatoka wapi. Siku nyingine nilikuja bila ufagio.

Ndivyo nilivyo, na si jambo la kujisifia. Shule niliacha darasa la sita kwa ajili ya redio. Fundi mmoja pale Omurushaka aliniruhusu nikae karibu na meza yake, nikakaa mpaka nilipoelewa sauti inaingilia wapi, kisha nikamwacha. Nikaenda machimbo ya bati ya Kyerwa kuona jiwe jeusi linavyooshwa mpaka linakuwa mali. Nikachoma matofali. Nikaendesha bodaboda hadi mpakani Murongo. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa, na nikishaelewa, miguu inaniwasha. Nyumbani Bweranyange baba alinikatia kona ya kibanja nijenge. Nilipandisha kuta hadi kwenye linta, nikajua jinsi kuta zinavyosimama, nikaondoka. Mvua imezila pembe. Mboga za maboga zimepanda na kuchungulia dirishani. Mgeni akiuliza, baba humwambia, "Hiyo ni ya mwanangu. Inamsubiri aelewe paa."

Aliniambia jambo moja zaidi, na hilo hakulisema kwa utani. Alikuwa anapukuchua mahindi, hakuinua uso. "Siku utakayomaliza kitu, chochote kile, hata kusuka kikapu, njoo unichukue nikakione."

Karate sikuielewa upesi, na hiyo ndiyo sababu sikuiacha. Niliuliza maswali mengi kuliko vijana wote. Kwa nini ngumi inageuka mwishoni na si mwanzoni? Kwa nini mkono usiopiga unavutwa kwa nguvu hadi kiunoni, ilhali hakuna anayeuogopa? Mwalimu hakunyamazisha mtu. Tulikuwa na gunia la makapi lililoning'inia kwenye boriti. Akaniambia, "Lipige bila kuvuta mkono wa pili." Nikapiga. Gunia likayumba kidogo, kwa heshima. "Sasa vuta." Nikavuta kama mtu anayenyang'anya kamba, na gunia likaenda likarudi likinitemea vumbi la kahawa usoni. Vijana wakacheka. Usiku ule niliondoka na kitu kifuani kilichonifanya nitembee upesi. Nilivuta mkono kiunoni njia nzima, nikipiga giza.

Tulifanya mazoezi jioni, baada ya shamba. Miguu mitupu juu ya saruji baridi. Tulianza kwa kufagia, kwani punje moja ya kahawa ikikaa chini ya kisigino inatosha kukuangusha. Kisha kusimama mguu wa mbele ukiwa umekunjwa na wa nyuma umenyooka, mpaka mapaja yanatetemeka. Kisha kwenda mbele na kurudi, tukihesabu kwa Kijapani kilichopita Muleba kikafika Kamuli na lafudhi yake. Mvua ikipiga bati hatukusikiana, basi mwalimu alihesabu kwa kupiga kofi. Pushapu tulizipiga kwa ngumi, na mtu akienda kunywa chai kesho yake alishika kikombe kwa viganja, kama mtoto.

Nguo zangu nyeupe alizishona fundi cherehani wa senta, ambaye naye alikuwa mwanafunzi. Kitambaa kilikuwa shuka kuukuu. Alisema maua yake yamekwisha kufutika. Hayakuwa yamefutika. Nikitokwa na jasho yalijitokeza mgongoni, ya waridi, moja baada ya jingine.

"Hilo shuka umewaacha wanalala na nini?" waliuliza wapagazi wenzangu.

Hao wapagazi ndio tatizo langu. Milango ya ghala ni mipana, ya kupitisha lori kinyumenyume, na jioni hufunguliwa yote ili mwanga uingie. Wenzangu walikaa kwenye ngazi ya zege nje, wakitafuna kahawa kavu na kutazama. Ngumi waliziheshimu. Mateke waliyashangilia. Lakini mara ya kwanza waliponiona nimepiga magoti kwenye mstari, nikitazamana na mwalimu ambaye naye alikuwa amepiga magoti, kulitokea kimya ambacho nilikielewa kabla hakijaisha.

Kesho yake nilipofika kazini mmoja wao alikuwa ametandaza gunia chini.

"Karibu, biharusi. Usichafue magoti."

"Mwacheni," akasema mwingine, "ameposwa mwenzenu. Ila huyo bibi shamba atwambie, sisi ndugu zake mbona hatujaletewa hata kibuyu cha pombe ya rubisi?"

"Mahari ya huyu? Mtu hana hata paa."

Nilicheka nao. Mtu akitaniwa na wenzake hucheka, la sivyo anakuwa amekubali. Lakini jioni ile nilitafuta mahali pengine kwenye mstari. Katikati ya ghala kuna nguzo zinazoshikilia paa, na moja ilikuwa inakata macho ya watu wa kwenye ngazi. Nikasimama nyuma yake. Mwalimu alipotoa amri ya kupiga magoti, nilishusha la kushoto likagusa, la kulia nikaliacha linaning'inia juu ya saruji upana wa kiganja, vidole vya mguu vikiwa vimesimama, tayari. Kwa mtu wa mbali nilionekana kama nafunga kamba ya kiatu, japo sikuwa na kiatu. Mwalimu mbele aliona kichwa kikishuka pamoja na vingine. Na nilikuwa wa kwanza kunyanyuka.

Kwa kweli kukaa hivyo ni kugumu kuliko kupiga magoti. Paja la kulia lilinitetemeka kila jioni. Kama ningetumia juhudi ile kwenye teke, ningekuwa mtu mwingine.

"Goti vipi, kaka wa nguzo?" mwalimu aliniuliza siku moja tulipokuwa tunafunga milango.

"Liliumia machimboni, Sensei."

"Pole."

Kesho yake nililipiga gunia la makapi kwa goti hilohilo la kulia mpaka mshono ukaachia. Alitazama makapi yakimwagika, akanitazama mimi, akaenda kuchukua sindano ya magunia.

Nilikuwa na jambo jingine nililolichukulia dogo. Tulipofanya mazoezi ya wawili wawili, tulisalimiana kwanza, na mimi nilikuwa nimezoea kuinuka mapema. Mara moja niliinuka nikarusha ngumi kama ilivyoagizwa, na fundi cherehani alikuwa bado anakuja juu kutoka kwenye salamu. Ngumi ikakutana na sikio lake. Akajishika, akazunguka mahali pale.

"Ndugu yangu," akasema, "nisubiri basi nifike juu, nife nimesimama."

Tukacheka wote. Mwalimu hakucheka.

Kisha akatangaza jaribio la mkanda wa njano. Alisema litafanyika hapo hapo ghalani, Jumamosi, na kila mmoja alete mtu wa kwao. Nilipotoka nje niliona miguu hainiwashi. Nilikuwa najua kata ya kwanza, ule mfululizo wa hatua na ngumi unaofanywa peke yako, nikiwa nimefumba macho. Nilijua kuzuia chini, kuzuia juu, kugeuka bila kuinua kichwa. Mkanda wa njano si kitu kikubwa, watoto wa mjini wanao. Lakini ungekuwa wa kwanza. Jumapili nilipanda bodaboda hadi Bweranyange, nikamkuta baba ametoka kanisani, bado na koti.

"Tata, kuna kitu namaliza."

"Kina paa?"

"Hakina paa. Njoo ukione."

Alimwambia mama asimsubiri Jumamosi.

Siku ile alikuja na koti hilohilo, kofia na fimbo yake. Mlangoni akaambiwa avue viatu, akavua, akaviweka sambamba kama anavyofanya nyumbani. Soksi moja ilikuwa na tundu kidoleni. Niliiona kabla sijaona kitu kingine, na nikatamani asikae benchi la mbele. Alikaa benchi la mbele. Wapagazi wenzangu walikuwa kwenye ngazi, wote, na nyuma yao watu wa sokoni waliosikia kuna mchezo.

Nilikwenda kwenye nguzo yangu. Mwalimu akasema, "Leo msimame kwenye mwanga," akatupanga mwenyewe. Mimi akaniweka katikati.

Tulisalimia ukuta wa mbele kama desturi. Nilifanya goti langu la kuning'inia, nikaona ngazi inatazama. Kisha mwalimu akafanya jambo ambalo hatukulizoea. Alisema kwa kuwa leo tuna wageni, tutawasalimu wageni. Tukageuka. Akasogea mbele yetu, akashuka, goti la kushoto, la kulia, akatua, akaweka viganja sakafuni na paji la uso likashuka kuelekea yale mabenchi. Nasi nyuma yake tukashuka.

Wageni walikaa. Wengine walitabasamu kama watu wanaopigwa picha. Mama mmoja aliinuka nusu akaketi tena. Baba yangu alikuwa anaangalia mbele yake, na mbele yake palikuwa na mwanamke, mtumishi wa serikali, amepiga magoti yote mawili na kuinamisha kichwa, na hakuna mtu anayemwitikia. Katika maisha yake yote hajawahi kumwacha mwanamke magotini bila jibu. Kwake hilo ni kama kumwacha mtu na mzigo kichwani ukaendelea kuzungumza na mwingine.

Basi alisimama. Alichukua fimbo, akavuka kamba ya katani iliyotenga uwanja, akaja na soksi zake juu ya saruji hadi kwa mwalimu. Akaegemeza fimbo begani, akanyoosha mkono, na kwa Kinyambo akaanza kuitikia salamu.

Halafu kwenye ngazi mtu akapasuka kicheko, na kikaenea hadi sokoni.

Sijui kama nimewahi kutaka kutokuwa mtoto wa mtu kama nilivyotaka dakika ile. Nilitazama saruji. Niliona punje ya kahawa tuliyoisahau kufagia. Nikaomba mwalimu amwambie kwa upole, mzee, rudi, huu ni utaratibu wa mchezo.

Mwalimu aliinua kichwa akiwa bado magotini. Akaupokea mkono wa baba kwa mikono yake miwili, akamjibu kwa Kihaya chake cha Muleba. Lugha hizi ni ndugu, zinasikilizana. Baba akamuuliza kwao ni wapi. Akamuuliza wazazi kama wako salama, ndizi kama zinakua, mvua kama imefika huko. Yeye akajibu kila swali, hakuruka hata moja, kwa sauti ileile anayotumia kutuhesabia. Kicheko cha kwenye ngazi kikapungua, kikawa kikohozi. Miguu ya wenzangu kwenye mstari ilikuwa inakufa ganzi chini yao, na paja langu la kulia likaanza kutetemeka.

Baba alipomaliza kwa mwalimu hakurudi kuketi. Waliobaki nao walikuwa magotini, na wao hawajajibiwa. Akaja kwenye mstari. Akamjibu fundi cherehani, akamjibu binti wa sekondari aliyekuwa kando yangu, na binti huyo akampa jibu zuri, macho chini. Kisha akasimama mbele yangu.

Hakunyoosha mkono. Alitazama magoti yangu. Lile la kulia lilikuwa bado hewani, na sasa lilikuwa linacheza kama la mbuzi aliyetoka kuzaliwa.

"Wewe," akasema kwa Kinyambo, si kwa sauti kubwa, lakini ghala lina mwangwi, "unasalimia au unachutama?"

Hata waliokuwa wamenyamaza kwenye ngazi hawakuweza kujizuia. Mwalimu naye, nadhani, aliinamisha uso. Baba akarudi kwenye benchi lake polepole, akiwaacha watu wacheke, akaketi, akaweka fimbo kati ya magoti. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa kama siku alipoutazama ukuta wangu, mara ya kwanza mvua ilipoung'ata.

Kata niliifanya vizuri. Nalisema hili kwa kuwa ni kweli. Nilikuwa na joto masikioni na nilipiga kama mtu anayetaka kutoka ndani ya ngozi yake, na mkono wa nguo ulilia, pa, ile sauti niliyoifuata siku ya kwanza, na maua yakatoka mgongoni wote wakayaona. Fundi cherehani aligeuka upande usio wake na kurudi. Binti wa sekondari alisahau hatua moja akaikumbuka. Mwishoni mwalimu aliita watu mmoja mmoja na kuwafunga mikanda ya njano kiunoni kwa mikono yake. Fundi cherehani alifungwa. Binti alifungwa. Mimi sikuitwa.

Watu walipokuwa wanatawanyika nilimfuata kwenye meza ya mizani.

"Sensei, kata nimekosea wapi?"

"Hukukosea."

"Ni kwa sababu ya mzee?"

"Mzee amenipa heshima ambayo sijaipata tangu nije Kamuli," alisema. "Goti lako nililiona siku nyingi kabla yake. Nilikuwa nasubiri ulishushe mwenyewe."

"Kwa hiyo ni salamu tu."

Alikuwa anakunja mkanda uliobaki, wa njano, uliokuwa wangu. "Unaikumbuka ngumi uliyompiga fundi sikioni? Anayeinuka kabla ya mwenzake humpiga mwenzake akiwa bado chini. Siku ile alikuwa fundi. Nikikupa mkanda, kesho nitakupa mtoto umfundishe." Akauweka mkanda kwenye mkoba. "Hufanyi vibaya, kaka. Ila muda wote mwili wako uko njiani kuondoka."

Nje, wapagazi hawakunitania, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mmoja alimsogezea baba viatu vyake.

"Mzee, umesalimia watu vizuri," alimwambia.

"Na wewe hukusalimia," baba akamjibu akifunga kamba. Yule bwana akatoa shikamoo haraka.

Tulirudi Bweranyange kwa bodaboda moja, mshikaki, dereva mbele, baba katikati, mimi nyuma nimemshika koti. Mimi nilikuwa natunga namna ya kueleza. Kwamba mkanda si kitu. Kwamba lilikuwa kosa la utaratibu. Kwamba karate nimekwisha kuielewa, sasa kuna mtu kule Kiruruma anayefuga nyuki kwenye masanduku ya kisasa, na ningependa kuona. Maneno haya yalinijia kwa urahisi ambao ulinitisha, kama ng'ombe wanaorudi zizini wenyewe.

Nyumbani mama hakuwepo, alikuwa kisimani. Baba alikaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, mahali ambapo nyasi hutandazwa ili wageni wasikanyage vumbi, akavua viatu, akachukua kahawa yake ya kutafuna. Kuta zangu zilionekana kutoka pale, na maboga dirishani.

"Wamekunyima," alisema.

"Wameninyima, Tata."

"Kwa lile goti."

"Ndiyo."

Alitafuna kidogo. "Nionyeshe linavyotakiwa."

Nilitazama njia. Hapakuwa na mtu. Migomba pande zote ilikuwa imesimama na majani yake makubwa, na nikajiambia kwamba hapa hakuna ngazi ya zege. Nikasimama mbele yake. Goti la kushoto. Nyasi zilikuwa zimekatwa asubuhi, bado mbichi, zikanilowesha. La kulia likashuka, likafika, na nilishangaa jinsi lilivyofika kwa wepesi. Nikalaza vidole. Nikakaa juu ya visigino. Paja halikutetemeka hata kidogo. Viganja, kisha paji la uso. Kwa mara ya kwanza tangu nianze niliisikia ile pumzi mwalimu aliyokuwa akituambia, inayojitoa yenyewe ukiwa chini. Nilikuwa chini kabisa. Niliona soksi ya baba na lile tundu.

Akahamisha kahawa shavuni. Akanyoosha mkono juu yangu na kuanza kunijibu, kwa yale maneno marefu ambayo hutolewa kwa binti au kwa mke au kwa mtoto aliyerudi kutoka mbali, taratibu, neno kwa neno, na hayakuwa na mzaha.

Hapo nikasikia hatua kwenye majani makavu.

Sikuamua. Mwili ndio ulioamua. Nilikuwa nimekwisha kusimama, nimetazama pembeni, mikono nyuma, kama mtu aliyekuwa akikagua paa. Mkono wa baba ulibaki mahali kilipokuwa kichwa changu.

Alikuwa mke wa binamu yangu, anatoka shambani na mkungu wa ndizi kichwani. Alipomwona baba hakutazama kushoto wala kulia. Akashuka palepale njiani, goti la kwanza na la pili, mkungu ukiwa bado kichwani na mgongo ukiwa wima, vizuri kuliko yeyote niliyemwona ghalani, akamsalimu. Baba akageuza mkono uliokuwa hewani, akaelekea kwake, na akamalizia kwake jibu alilolianza kwangu.

Shemeji alipoinuka alinitazama. Macho yake yakashuka hadi kwenye suruali yangu nyeupe, palipokuwa na alama mbili za kijani, mviringo, zilizoachwa na nyasi.

"Umeanguka, shemeji?"

"Nimeteleza," nikasema.

Baba aliendelea kutafuna kahawa yake.